Khunjerab: Barabara Inayojengwa Kila Mwaka

Mwaka 1966, Pakistan na Uchina zilipokubaliana kuunganisha nchi zao kwa barabara ya magari, wenye misafara walikuwa wameshajua kwa vizazi vingi mahali pa kuvukia. Mfanyabiashara aliyetoka Kashgar akielekea Hunza na Gilgit alipita Mintaka. Huko kulikuwa na malisho ya wanyama, vituo vya kulala vilijulikana, na kila mswaga punda alijua siku za kuvuka na siku za kungoja. Wahandisi nao walielekeza macho huko huko. Kisha wakaambiwa waache, wahamie kipito kingine cha upande wa mashariki, kilichozoewa zaidi na wafugaji na yaki wao kuliko na wafanyabiashara. Hicho ndicho Khunjerab.

Sababu haikuwa mwamba wala theluji. Mintaka iko jirani mno na Wakhan, ule ukanda mwembamba wa Afghanistan ambao Waingereza na Warusi waliuchora mwishoni mwa karne ya 19 ili himaya zao zisigusane. Ng'ambo ya ukanda huo ilikuwa ardhi ya Umoja wa Kisovieti, na kufikia 1966 Beijing na Moscow walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Wachina walihofu kwamba barabara ikipita Mintaka, ndege za kivita zingeifikia kwa urahisi. Wakachagua njia yenye mpando mkali zaidi. Hivyo ndivyo barabara ya lami iliyo juu kuliko nyingine zote zinazovuka mpaka wa nchi mbili ilivyopelekwa mita 4,693 kutoka usawa wa bahari.

Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anakijua kimo hicho mwilini mwake. Kibanda cha Kibo, ambako wapandaji hujinyoosha saa chache kabla ya kuanza safari ya usiku ya kileleni, kiko karibu mita 4,700. Msukumo wa hewa hapo hauzidi sana nusu ya ule wa pwani. Kichwa kinagonga, hamu ya chakula inapotea, na hatua kumi zinatosha kumtoa mtu pumzi. Tofauti ni kwamba Kibo watu hufika kwa miguu baada ya siku kadhaa, mwili ukizoea polepole. Khunjerab hufikiwa na malori yenye shehena, na dereva aliyelala Sust, kituo cha forodha cha Pakistan kilicho kama mita 2,800, anaweza kuwa juu mpakani kabla ya saa sita mchana.

Juu penyewe si pembamba kama wengi wanavyodhani. Ni uwanda mpana wenye majani mafupi wakati wa kiangazi. Upande wa Uchina unateremka taratibu kuelekea Taxkorgan. Upande wa Pakistan barabara inajikunja kona baada ya kona hadi ndani ya korongo. Maji yanayotiririka kusini huingia mto Hunza, kisha Gilgit, kisha Indus, na mwisho wake ni Bahari ya Arabia, sehemu ya bahari ile ile inayopiga kuta za Mombasa na Kilwa. Yanayotiririka kaskazini huishia katika bonde la Tarim, yakanywewa na mchanga wa jangwa la Taklamakan bila kuiona bahari. Mpakani hapo magari hubadilisha upande: Pakistan huendesha kushoto kama sisi, Uchina huendesha kulia.

Njia katika milima hii ni ya kale sana. Mtawa wa Kibudha kutoka Uchina, Faxian, aliondoka Chang'an mwaka 399 kwenda India kutafuta maandiko ya dini yake, na akapita katika makorongo ya Indus. Alieleza genge lililosimama wima, mto ukinguruma chini, na ngazi zilizochongwa katika jiwe na watu waliotangulia, zipatazo 700 kwa hesabu yake. Baada ya hapo ikaja kamba ya kuvukia maji. Kila aliyeitazama sehemu ya Kohistan kati ya Besham na Chilas, hata leo penye lami, hana sababu ya kumshuku mtawa yule.

Wengine hawakuandika vitabu. Waliandika juu ya mawe. Kandokando ya Indus karibu na Chilas na Shatial, na kwenye mwamba wa Haldeikish kule Hunza, kuna makumi ya maelfu ya michoro na maandishi: mbuzi wa mwitu, wawindaji, stupa za Kibudha, na majina ya wapita njia kwa hati za Kharosthi, Brahmi, Kisogdi na hata Kichina. Huko Shatial msafiri mmoja Msogdi, Nanai-vandak, alichora maneno ya kumwomba mungu wa mahali hapo amfikishe salama aendako, akamkute ndugu yake akiwa mzima. Sijui hati nyingine yoyote ya barabara hii inayozidi hiyo. Wafalme na majenerali waliopita baadaye walitaka njia kwa ajili ya majeshi na ushuru; Nanai-vandak alitaka kumwona ndugu yake.

Kwa karne nyingi mlango huu ulishikwa na dola ndogo ya Hunza, iliyotawaliwa na Mir kutoka ngome ya Baltit. Ardhi ya kulima ilikuwa haba, imeshikiliwa na kuta za mawe na kunyweshwa kwa mifereji iliyotoa maji kwenye mito ya barafu. Mir alitoza misafara, na mara nyingine watu wake walivuka milima kuiteka ile iliyokuwa ikipita kati ya Leh na Yarkand. Waingereza waliokuwa India walipoanza kuhofia Urusi, uhuru huo wa Hunza ukawa kero kwao. Mwaka 1889 afisa wao Francis Younghusband na mpelelezi wa Kirusi, Bronislav Grombchevsky, walikutana nyikani nyuma ya Karakoram. Wakala na kunywa pamoja, wakaagana kistaarabu, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anapima njia za kuleta jeshi. Miaka miwili baadaye Kanali Algernon Durand aliongoza kikosi kutoka Gilgit, akaivunja ngome ya Nilt, na Hunza ikaanguka. Mir Safdar Ali alikimbilia Uchina kupitia vipito vile vile alivyokuwa akivitoza.

Habari hizo zimeandikwa sana, na waandishi wake karibu wote walikuwa maafisa. Ndani yake wapagazi hawana majina, ingawa hakuna hata gunia moja la unga lililofika Gilgit bila mgongo wa mtu au wa nyumbu. Sisi ambao babu zetu walibeba mizigo ya wageni kutoka Bagamoyo hadi Ujiji tunaijua historia ya namna hiyo, na tunajua kuisoma kwa kutazama kilichoachwa.

Gari la kwanza kujaribu kwa kishindo lilikuwa la Citroën. Kampuni hiyo ya Ufaransa ilikuwa imepitisha magari yake yenye minyororo badala ya magurudumu ya nyuma katika bara la Afrika mwaka 1924 na 1925, chini ya Georges-Marie Haardt. Walipofika Kampala waligawanyika, na moja ya makundi yao likashukia Dar es Salaam. Mwaka 1931 Haardt huyo huyo aliondoka Srinagar akitaka kuvuka Karakoram. Magari mawili yalifika Gilgit, lakini palipokuwa na njia nyembamba kuliko gari yalifunguliwa kipande kwa kipande, yakabebwa na watu, yakaunganishwa tena mbele. Baada ya Gilgit wasafiri waliendelea na wanyama. Ilikuwa wazi kwamba gari lisingepita hapo mpaka mlima wenyewe ukatwe.

Hitaji la kuukata lilikuja na mgawanyiko wa India. Njia ya kawaida ya kwenda Gilgit ilitoka Srinagar kupitia kipito cha Burzil. Mwaka 1947 Kashmir ikawa uwanja wa vita. Askari wa Gilgit Scouts waliasi tarehe 1 Novemba, eneo likajiunga na Pakistan, na Burzil ikabaki imefungwa na mstari wa kusitisha mapigano. Pakistan ilijikuta na mkoa mkubwa wa milima usiofikika. Ilitengeneza njia ya jipu kupitia Babusar, mita 4,173, ambayo theluji iliiacha wazi miezi michache tu ya kiangazi. Kwa muda wote uliobaki chakula na dawa vilitegemea ndege ndogo na hali ya hewa. Mwaka 1959 wahandisi wa jeshi walianza kuchimba njia nyingine ya kwenda Gilgit kwa kuufuata Indus wenyewe, chini kwenye korongo, mahali ambapo theluji si tatizo. Tatizo huko ni jabali.

Uchina iliingia baada ya vita vyake na India vya 1962. Tarehe 2 Machi 1963 Zulfikar Ali Bhutto, waziri wa mambo ya nje wa Pakistan, na mwenzake Chen Yi walitia saini mkataba wa mpaka. India ilipinga, na inapinga hadi leo, kwa kuwa inahesabu eneo lote hilo kuwa sehemu ya Kashmir yake. Miaka mitatu baadaye ukaja mkataba wa barabara. Pakistan iliunda chombo maalumu cha kijeshi cha ujenzi, Frontier Works Organisation, kwa ajili ya kazi hiyo tu. Wachina walianza juu Khunjerab na kushuka. Wapakistani walipanda kutoka kusini.

Kazi yenyewe ilianza kwa kamba. Katika Kohistan hapakuwa na pa kuweka mguu, sembuse buldoza. Wanaume walifungwa viunoni, wakateremshwa kutoka juu ya genge, wakaning'inia juu ya Indus wakitoboa mwamba, wakajaza baruti, wakavutwa juu kabla ya mlipuko. Tundu likawa ukingo wa kusimama mtu mmoja, ukingo ukawa njia ya punda, njia ya punda ikapanuliwa mpaka mashine ikapata pa kukaa. Mlima uliotikiswa na baruti haukutulia jioni walipomaliza kazi. Mawe yaliendelea kuanguka usiku, na tena mvua iliponyesha, na tena jua la asubuhi lilipoyeyusha barafu iliyokuwa imeyashikilia.

Kosa la kijiolojia lilikuwa kudhani kwamba huo ni mwamba uliotulia. Hapa ndipo bamba la India linapojisukuma chini ya Asia, na kipande cha Kohistan kimebanwa katikati. Karibu na Jaglot, kusini ya Gilgit, safu tatu zinakutana: Himalaya, Karakoram na Hindu Kush. Milima bado inainuka, na mito inaikata kwa kasi inayolingana na kuinuka kwake, ndiyo maana kuta ni wima namna ile. Kabla hata ya kufikiriwa barabara, upande mmoja wa mlima Nanga Parbat uliporomoka na kuuziba Indus kwa miezi. Ziwa lilipopasuka mwezi Juni 1841, gharika ilikumba jeshi la Masingasinga lililopiga kambi mamia ya kilometa chini, karibu na Attock.

Milima ilidai tena wakati ujenzi ukiendelea. Mwaka 1974 tope na mawe kutoka bonde la pembeni viliuziba mto Hunza karibu na Shishkat, vikafukia daraja ambalo Wachina walikuwa wamelijenga miaka michache tu iliyopita. Tarehe 28 Desemba mwaka huo huo tetemeko la ardhi liliipiga Pattan, katikati ya Kohistan, likaua watu zaidi ya 5,000. Vijiji vilivyokuwa vimejengwa kwa mawe na udongo juu ya miteremko vilianguka vyote kwa mara moja. Barabara ambayo haijamalizika ilikuwa ndiyo njia pekee ya kufikisha msaada, nayo ilikuwa imefukiwa. Wajenzi wakageuka waokoaji, wakiichimbua njia yao wenyewe.

Hesabu ya vifo vya ujenzi wote inayotajwa siku zote ni karibu Wapakistani 810 na karibu Wachina 200. Ukizigawa kwa kilometa 887 za upande wa Pakistan, ni zaidi ya mtu mmoja kwa kila kilometa. Hesabu hiyo ni ya wajenzi tu. Wanakijiji waliopigwa na mawe yaliyolegezwa na baruti hawamo. Huko Danyor, ng'ambo ya mto kutoka Gilgit, kuna makaburi ya Kichina zaidi ya 80 yaliyopangwa safu kwa safu chini ya miti, yakitunzwa vizuri.

Mtanzania akisikia hayo atakumbuka Gongo la Mboto. Miaka ile ile Wachina walipokuwa wakichimba Karakoram, wenzao walikuwa wakijenga reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Nao pia walizika watu wao huku, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto. Nchi iliyofanya kazi hizo mbili kwa pamoja ilikuwa maskini wakati huo, na ndani yake kulikuwa na msukosuko wa Mapinduzi ya Utamaduni. Mtu anaweza kubishana kuhusu malengo ya serikali ya Beijing, na inafaa tubishane. Lakini kijana aliyetoka Xinjiang au Sichuan akafia kwenye genge la Hunza, au akafa kwa malaria Kilombero, hakuwa mwanadiplomasia. Namweka pamoja na wapagazi wasio na majina, na naona heshima anayostahili ni ile ile.

Tarehe 18 Juni 1978 Jenerali Zia-ul-Haq na Naibu Waziri Mkuu wa Uchina, Geng Biao, walizindua barabara penye daraja la Thakot, ambalo kingo zake zimepambwa kwa sanamu za simba kama madaraja ya Kichina ya zamani. Kwa jumla barabara ina kilometa 1,300 hivi, kutoka Hasan Abdal hadi Kashgar. Raia wa kawaida hawakuona faida ya mpaka huo kwa haraka: biashara na safari za watu wa nchi mbili zilianza mwaka 1982, na wageni wa nchi nyingine wakaruhusiwa tarehe 1 Mei 1986.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri kwa watu wa pande zote. Waislamu wa Kiuyghur, waliokuwa wamefungiwa kwa muda mrefu, walishuka kwa mabasi kupitia Khunjerab kwenda Pakistan, na kutoka huko wakaenda Hija. Wafanyabiashara wa Gilgit na Hunza walipanda na matunda makavu, wakarudi na hariri, vyombo vya udongo na baadaye vifaa vya umeme. Wengine walioa Kashgar, wakawa na nyumba mbili na watoto wenye lugha mbili.

Hunza yenyewe ilibadilika kuliko mahali pengine popote kwenye njia hii. Serikali ya Bhutto, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu, iliufuta utawala wa Mir mwaka 1974. Zamani, ghala za nafaka zilipokuwa tupu kabla ya mavuno, familia ziliishi kwa aprikoti zilizokaushwa. Sasa lori lilileta ngano ya bei nafuu kutoka tambarare za Punjab. Mkulima ambaye hakulazimika tena kupanda ngano kwa ajili ya tumbo alipanda viazi vya mbegu na kuviuza kusini. Shule zilikuwa zimetangulia barabara. Watu wengi wa Hunza ni Waismailia, wafuasi wa Aga Khan, na mwaka 1946, ule ambao Aga Khan wa Tatu alipimwa kwa almasi Bombay na kisha Dar es Salaam katika jubilei yake, fedha za jubilei hiyo zilianzisha shule za kwanza za jumuiya katika mabonde haya. Ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, na darasa la kijiji chini ya mlima Rakaposhi ni ndugu wa tumbo moja. Barabara ilipofika, ilikuta watoto waliokwisha kujua kusoma, na nadhani hilo ndilo lililowawezesha wenyeji kuwa madereva wa mabadiliko badala ya kukanyagwa nayo. Wasichana wa Hunza walipata elimu ya juu mapema kuliko wenzao wengi wa mikoa ya jirani.

Wanyama hawakuwa na bahati hiyo. Kondoo wa Marco Polo, mwenye pembe ndefu zilizojiviringa, alikuwa akivuka uwanda wa Khunjerab kwa makundi. Wakati wa ujenzi aliwindwa kwa bunduki za watu wenye njaa ya nyama na wenye magari ya kumfuata. Mwanabiolojia George Schaller, ambaye miaka ya 1960 aliishi Serengeti akiwachunguza simba, alifika hapa mwaka 1974 na kuona kilichobaki. Kwa ushauri wake Bhutto alitangaza Hifadhi ya Taifa ya Khunjerab mwaka 1975. Uamuzi ulikuwa wa lazima kwa kondoo na kwa chui wa theluji, ila uliandikwa bila wafugaji wa Gojal, ambao malisho yao ya kiangazi yalikuwa ndani ya mipaka hiyo. Waligoma na kushtaki kwa miaka mingi mpaka wakapewa sehemu ya mapato na kazi ya ulinzi. Wamaasai wa Serengeti na Ngorongoro wangeielewa kesi hiyo bila kusimuliwa.

Kisha ikaja tarehe 4 Januari 2010. Wanajiolojia walikuwa wameshaona nyufa juu ya kijiji cha Attabad, na baadhi ya familia zilikuwa zimehamishwa. Siku hiyo ubavu wa mlima ulishuka wote, ukaua watu wapatao 20 na kuujaza mto Hunza kifusi kirefu. Maji yalianza kupanda, siku kwa siku, polepole kiasi kwamba mtu aliweza kuketi akitazama bustani yake inavyozama, kisha ukuta, kisha paa. Shishkat na sehemu ya Gulmit zikaingia majini, na maelfu ya watu wakapoteza makazi au njia ya kupita. Ziwa likapita urefu wa kilometa 20, na barabara kuu ikawa chini yake.

Kwa miaka mitano barabara maarufu kuliko zote za Asia ilikatwa na maji, na kilichoiunganisha ni mashua za mbao. Zililetwa kutoka kusini kwa malori, zikapakia magunia, mbuzi, wagonjwa, hata gari zima limelazwa juu ya mbao mbili, na kuvuka saa moja au zaidi katika upepo wa baridi kati ya kuta za mawe. Shehena za Uchina zilipakuliwa upande mmoja na kupakiwa upya upande wa pili, kila katoni mgongoni mwa mtu. Kazi ya upagazi ilirudi kule kule ambako barabara ilidhaniwa kuifuta. Mwezi Septemba 2015 Waziri Mkuu Nawaz Sharif alifungua njia mpya, pamoja na mahandaki matano yenye jumla ya kilometa 7 yaliyotobolewa na kampuni ya Kichina kando ya ziwa. Leo watalii hupiga picha za maji yale ya samawati, na vijana hukodisha boti za starehe juu ya mashamba ya wazazi wao.

Mwaka huo wa 2015 ndio pia uliokuja na mpango mkubwa wa kuifanya barabara kuwa sehemu ya ushoroba wa kiuchumi kutoka Kashgar hadi bandari ya Gwadar. Hotuba zilikuwa nyingi. Wafanyabiashara wadogo waliojenga uhusiano wa miaka 30 walipata mengine: kuanzia 2017, Xinjiang ilipojaa vituo vya ukaguzi na kambi, makumi ya wanaume wa Gilgit-Baltistan walieleza kwamba wake zao wa Kiuyghur wamezuiliwa na watoto wao hawajulikani waliko. Wabunge wa mkoa waliuliza hadharani mwaka 2018. Mpaka ulioungwa kwa maisha ya watu elfu moja ulikuwa wazi kwa makontena na mzito kwa mume anayemtafuta mkewe. Hilo ndilo linalonifanya nirudi kwenye uamuzi wa 1966: njia iliyochorwa kwa hofu za serikali inaweza kufungwa na hofu za serikali, hata theluji isipokuwepo. Wakati wa UVIKO-19 mpaka ulifungwa kwa miaka, ukifunguliwa kwa vipindi tu, hadi ukafunguliwa rasmi tena mwaka 2023.

Mito ya barafu nayo haijatulia. Tarehe 7 Mei 2022, katika joto lisilo la kawaida, ziwa lililokuwa limezuiwa na barafu ya Shishper lilipasuka na kushuka bonde la Hassanabad. Daraja la zege la barabara kuu lilianguka mbele ya kamera za simu. Wanajeshi walileta daraja la chuma la vipande, likawekwa kwa muda, na malori yakapita moja moja.

Kwa sasa kazi kubwa iko chini, kwenye Indus. Mabwawa ya Dasu na Diamer-Bhasha yanajengwa, na la pili litakuwa na ukuta wa mita 272. Yakijaa, sehemu ndefu ya barabara iliyochimbwa kwa kamba na baruti itazama, kwa hiyo wahandisi wanapima na kukata nyingine juu zaidi kwenye genge, kati ya Thakot na Raikot. Michoro mingi ya Chilas itazama pia. Wataalamu wa Pakistan na Ujerumani, walioanza kuisajili mara tu barabara ilipowafikisha hapo, kazi aliyoiongoza Karl Jettmar pamoja na Ahmad Hasan Dani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, wamepiga picha na kuchapisha majuzuu mengi, na kuna mpango wa kuhamisha baadhi ya mawe. Mengi ni makubwa mno kuhamishika. Wakohistani wa vijiji vya ukingoni, ambao mashamba yao yamo katika mpango huo wa maji, bado wanadai fidia, na mara kwa mara hukaa katikati ya lami kuifunga barabara mpaka ofisa atoke kuzungumza nao.